Kichwa cha treni ya mfano kimegoma? Fuata umeme kabla ya kushika bisibisi

Jumapili moja nilishinda nimepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yangu, hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, nikitafuta springi ndogo kuliko punje ya mchele. Ilikuwa imeruka kama panzi nilipofungua mota ya kichwa cha treni ya mfano alichoniletea jirani. Niliipata Jumatatu, nikairudisha mahali pake, nikafunga kila kitu kwa madaha, nikakiweka kichwa relini. Kimya. Ugonjwa haukuwa kwenye mota hata kidogo. Kibano kimoja kinachounganisha reli mbili kilikuwa kimelegea, kazi ya koleo na nusu dakika.

Ufundi wangu ni wa redio na vikuza sauti. Treni hizi zimenifuata tu, kwa sababu Lubumbashi ni mji wa reli. Njia ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, mji wenyewe ukiwa ndiyo kwanza unaanza, na mpaka leo si kazi kumpata mtoto au mjukuu wa mfanyakazi wa reli. Treni za mfano huja masandukuni na ndugu walioko Ubelgiji, nyingi zikiwa zimelala darini miaka na miaka. Zikifika huzunguka raundi mbili, zinasimama, na mwenyewe anakuja mbio: "Papa fundi, mota imekufa."

Mara nyingi haijafa. Umeme wa treni hii una safari yake: unatoka ukutani, unapita kwenye transfoma, waya, reli, gurudumu, kijibati kinacholigusa gurudumu, brashi ya kaboni, rota (ile sehemu ya mota inayozunguka), halafu unarudi kwa upande wa pili. Kichwa kikisimama, ama umeme umekwama mahali fulani njiani, ama umefika lakini gia zimekataa. Mota ni kituo cha mwisho cha safari hiyo, na ndicho watu wanachokimbilia kwanza kwa bisibisi.

Umeshika treni ya aina gani?

Kabla ya ugonjwa, jua mgonjwa ni nani. Vichwa vingi vinavyofika kwangu ni vya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, vinavyotembea juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Vichache ni vya N, 1 kwa 160, reli ya milimita 9. (Reli yetu ya kweli ina upana wa milimita 1067. Igawe kwa 87 utapata kama milimita 12, kwa hiyo anayepanga reli ya 16.5 sebuleni na kuiita njia ya Sakania, mji wetu wa mpakani, anatudanganya kidogo. Nimeacha kubishana nao.)

Jambo kubwa ni aina ya umeme. Wengi hutumia umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, usiozidi volti 12: reli moja chanya, nyingine hasi, na ukizigeuza treni inarudi nyuma. Lakini mfumo wa zamani wa Märklin wa Ujerumani ni mwingine. Unatumia umeme wa kwenda na kurudi, na njia ya tatu ya umeme ni vijichomozo vidogo vya chuma vilivyopangwa katikati ya mataruma. Kigeuze kichwa chako tumbo juu. Ukiona bati refu limening'inia chini mfano wa ulimi, ndiyo hiyo. Magurudumu yake hayajatenganishwa kiumeme, kwa hiyo ukikiweka kwenye reli za kawaida kinapiga shoti papo hapo. Na kichwa cha kawaida ukikipeleka kwenye umeme wa Märklin hakiendi popote: kitatetemeka, kitaunguruma, kisha kitaanza kunuka. Alikuja mzee mmoja na vichwa viwili vya bati la namna hiyo, akiwa ameshakubali moyoni kwamba vimekufa. Vilikuwa vizima vyote viwili. Vilikosa reli yao tu.

Betri ya volti 9 inakata mashauri

Chukua betri ndogo ya mraba ya volti 9 na vipande viwili vya waya. Inua kichwa, kishike mkononi, gusa gurudumu la kushoto kwa waya mmoja na la kulia kwa mwingine. Angalia hapa, maana wengi hukosea: vichwa vingi vya Ulaya huchukua umeme kwa magurudumu ya upande mmoja katika bogi (kigari cha magurudumu chini ya kichwa) la mbele, na ya upande wa pili katika bogi la nyuma. Usipopata kitu kwenye bogi moja, usikate tamaa. Weka waya mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha jaribu michanganyiko yote.

Magurudumu yakizunguka vizuri, funga boksi la bisibisi. Kichwa ni kizima, tafuta ugonjwa chini: reli, waya, transfoma. Yasipozunguka, ugonjwa uko ndani. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na halihitaji umeme wa nyumba, jambo ambalo hapa kwetu si dogo.

Kichwa kizima, reli kimya

Sasa rudi kwenye safari ya umeme. Watu huchomeka kipima umeme relini, wanaona volti 12, wanasema reli ni nzima. Kipima kinawadanganya. Chenyewe kinakunywa umeme kidogo mno, kwa hiyo hata kiungo kilichooza, kilichobakiza uzi mmoja wa mguso, kitaonyesha volti zote 12. Mota ikidai chakula chake, uzi ule haupitishi kitu. Ndiyo maana mimi natumia balbu ndogo ya gari au pikipiki, ya volti 12 na wati 5. Balbu hiyo inavuta kama ampea 0.4, karibu na mota ya HO ikiwa kazini. Isogeze relini sentimita kwa sentimita. Inapofifia ghafla, kiungo ulichotoka kuvuka ndicho mwizi. Kibane taratibu kwa koleo, au lehemu waya mwembamba kuunganisha reli mbili kwa ubavu wa nje. Njia ikiwa ndefu, usitegemee viungo peke yake. Shusha waya kutoka transfoma hadi relini kila baada ya mita moja au mbili.

Balbu isipowaka popote, gusa nayo kwenye vituo vya transfoma vyenyewe, waya za reli ukiwa umezitoa. Ikiwaka hapo, transfoma ni nzima: ama waya wa kwenda relini umekatika, ama kuna shoti kwenye njia. Sababu ya shoti niliyokutana nayo mara nyingi ni ya aibu: kipini, msumari mdogo, kipande cha waya kilicholala kati ya reli. Sababu ya pili ni ya mpangilio. Ukitengeneza njia inayojizungusha na kurudi ilikotoka, reli ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia, chanya inabusu hasi. Hakuna mota itakayopona hapo mpaka utenge kipande cha mzunguko huo kwa viungo vya plastiki pande zote mbili na kukipa swichi yake.

Transfoma isipotoa kitu hata ikiwa peke yake, angalia kibandiko chake kabla ya kulaumu. Zilizotoka Marekani zimeandikwa volti 120. Ukizichomeka kwenye 220 ya hapa zinaungua, na hakuna dawa. Zile za Ulaya nyingi zina kinga inayokata zikipata moto. Zizime, zisubiri dakika kumi au zaidi, zijaribu tena. Umeme wa mtaa ukikatika, chomoa transfoma, usisubiri urudi na hasira zake. Na inveta za bei rahisi, zile zinazotoa umeme wa mkato badala ya wimbi laini, huifanya transfoma ingurume na kupata moto hata treni ikiwa imesimama.

Wapo wanaotumia betri ya gari moja kwa moja. Naelewa kwa nini. Lakini betri ya gari kwenye shoti haina huruma: inamwaga umeme mwingi hadi waya unayeyuka na mataruma ya plastiki yanalainika. Kama huna budi, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya breki ya wati 21. Shoti ikitokea, balbu inawaka kwa nguvu na kukubakizia ampea zisizofika mbili. Reli zinapona, na umeonywa kwa mwanga.

"Kinaenda nikikisukuma na kidole"

Huu si ugonjwa, ni uchafu. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna, na vumbi letu jekundu halijui mlango wala dirisha. Linachanganyika na mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye gia, linakuwa tope jeusi juu ya reli na magurudumu, na tope hilo halipitishi umeme. Mvua zikirudi, reli zinabadilika rangi. Za shaba nyeupe hustahimili zaidi. Hizo Wazungu wanaziita "fedha ya Kijerumani" na hazina fedha hata chembe, ni shaba, zinki na nikeli. Za shaba ya njano zinachuja haraka, na ukungu wake ni mkaidi kwa umeme. Sisi wa mji wa shaba tungepaswa kulijua hili kuliko wote.

Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa spiriti, au kwa kifutio kigumu cha shule. Msasa hapana. Mikwaruzo yake ni mifereji, na uchafu unaofuata utalala humo raha mustarehe.

Magurudumu yana mbinu yake ninayoipenda. Tandaza kitambaa chembamba chenye spiriti juu ya reli zote mbili, weka bogi la mbele juu ya kitambaa na la nyuma kwenye reli tupu, shika kichwa kwa mkono, washa. Kikiwa na mota nzima, magurudumu ya mbele yanazunguka juu ya kitambaa na kujisugua yenyewe, na utaona mistari miwili myeusi. Geuza, rudia. Vile vichwa vinavyochukua umeme upande mmoja mbele na mwingine nyuma havitakubali. Hivyo fanya kwa pamba na subira. Gurudumu lililovikwa mpira wa kukamata reli halipitishi umeme, na mpira huo ukilegea unapanda juu ya vijibati na kusimamisha kila kitu. Unavutwa kwa kijiti cha meno, unavalishwa mwingine.

Kama kichwa kinasimama daima mahali pale pale, uchafu hauna kesi. Karibu kila mara mahali hapo ni njia panda, treni inapohama reli. Katikati yake kuna kipande ambapo reli zinakatana, na katika njia panda za bei nafuu kipande hicho ni plastiki au chuma kisicho na umeme. Kichwa kirefu kinakivuka bila kujua. Kile kifupi cha magurudumu manne kinakanyaga patupu na kulala. Kiongeze kasi, au ongeza kijibati kwenye magurudumu yasiyochukua umeme.

Taa inawaka, kichwa hakisogei

Taa ni shahidi mzuri: umeme umefika ndani. Sikiliza sasa.

Kukiwa kimya kabisa, fikiria brashi. Ni vijiti viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi kwenye komyuteta, ule mviringo wa shaba uliogawanywa vipande juu ya rota. Kaboni inaisha kama chaki. Ikibaki fupi hadi springi yenyewe inakaribia kugusa shaba, badilisha. Hapa ndipo utakapofungua mota, na hapa ndipo springi yangu iliporuka. Fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono yako ikiwa ndani. Komyuteta ikiwa nyeusi, izungushe kwa kidole dhidi ya pamba yenye spiriti, kisha pitisha kijiti cha meno kwenye nafasi kati ya vipande, maana unga wa kaboni unaojaa humo unaunganisha kisichotakiwa kuunganishwa.

Brashi za treni huzipati Soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi, wala pengine popote mjini. Mimi huchukua brashi ya mashine ya kutobolea, naikata, nasugua kwenye msasa hadi iingie bila kukwama wala kucheza. Inafanya kazi, ingawa haidumu kama ya kwake. Kijiti cha kaboni kutoka kwenye betri kavu sikipendi, ni kigumu na kinakwaruza shaba.

Rota yenyewe ipime kwa kipima, kipande na kipande. Mota ya vipande vitatu inakupa vipimo vitatu, navyo vinapaswa kukaribiana sana. Kimoja kikiwa mbali na wenzake, waya umekatika au umeungana ndani. Mara chache utakuta umekatika palepale unapoungana na shaba, na tone la risasi ya kulehemu linauponya.

Onyo moja kwa mota za zamani zenye sumaku kubwa ya chuma iliyo wazi: usiichomoe ili kusafisha vizuri zaidi. Sumaku za aina hiyo zikitenganishwa na chuma chake hupoteza nguvu, na utarudisha mota safi iliyo dhaifu. Mota yenye sumaku iliyochoka utaijua: inakimbia ikiwa haina mzigo, inapata moto haraka, na mabehewa mawili yanaishinda.

Kikiunguruma bila kwenda, gia ndizo zimekataa. Zima mara moja; mota iliyozuiwa kuzunguka inajichoma kwa dakika chache. Tenganisha mota na gia, jaribu kila upande peke yake. Mota ikizunguka huru, angalia grisi. Ya zamani inageuka ulimbo, na asubuhi za baridi za Juni na Julai zinaifanya jiwe. Niliwahi kufungua kichwa kilichopakwa mawese. Mwenyewe alinieleza bila kupepesa macho: "Si mafuta ni mafuta, Papa?" Mawese yaliganda na kushika vumbi, nikayakwangua kama masizi ya sufuria. Osha gia zote, weka tone moja la oili ya cherehani kwenye kila beringi, na grisi nyepesi isiyokula plastiki kwenye meno. Tone moja maana yake ni tone moja. Oili iliyozidi inakimbilia komyuteta, inachanganyika na kaboni, na unajikuta umerudi kwenye brashi.

Ukisikia tak, tak, tak kwa kila mzunguko wa gurudumu, gia ya plastiki kwenye ekseli imepasuka. Plastiki ikizeeka inasinyaa, inabanwa na ekseli, inachanika. Ufa unapanua nafasi kati ya meno mawili, na hapo ndipo inaporuka au kukwama. Gundi haishiki. Tafuta gia nyingine, au iibe kutoka kwenye kichwa kingine cha aina ile ile ambacho hakitatembea tena. Mimi nina boksi la marehemu kama hao, simuuzii mtu.

Kinaenda dakika kumi, kinasimama, kikipoa kinaenda tena

Gusa kichwa, halafu gusa transfoma. Chenye moto ndicho mgonjwa. Transfoma ikiwa ya moto, imezidiwa mzigo au kuna shoti ndogo inayovuja. Kichwa kikiwa cha moto, rudi kwenye gia zilizokauka au sumaku iliyochoka. Punguza mabehewa kwanza uone.

Kinachokwenda mbele na kukataa kurudi nyuma ni kisa kingine: mara nyingi ni swichi ya kugeuza kwenye kidhibiti iliyochakaa. Jaribu kwa betri ya volti 9, ukigeuza waya. Kikienda pande zote mbili kwa betri, fungua kidhibiti na usafishe swichi.

Vya kidijitali

Hivi vina dikoda, kijisaketi kinachopokea amri kupitia reli, na hapo betri yangu haikati mashauri kama kawaida, maana baadhi ya dikoda zimefungwa zisikubali umeme wa kawaida. Kichwa kisichojibu huenda kimesahau anwani yake tu. Kiite kwa namba 3, ambayo ndiyo wanayotoka nayo kiwandani. Kisipojibu, kiweke kwenye reli ya kupangia, ile ya kubadilishia mipangilio ya dikoda, na kirudishe mwanzo. Kwa dikoda nyingi ni kuandika 8 kwenye kumbukumbu namba 8, ila soma karatasi yake, wengine wana namba yao. Ikishindikana, ng'oa dikoda na uweke ile plagi ndogo ya kuziba nafasi yake, kama kichwa kina soketi. Kikitembea kwa umeme wa kawaida, dikoda ndiyo iliyokufa. Usiguse mota kwa betri dikoda ikiwa bado imeunganishwa, utaiua ambayo pengine ilikuwa hai.

Baada ya yote hayo, kabla ya kufunga mwili wa kichwa, kiache kitembee kitupu robo saa mbele na robo saa nyuma, mwendo wa nusu. Brashi mpya zinahitaji muda wa kujikata kufuata mviringo wa shaba, na cheche utakazoziona mwanzoni zitapungua. Kisha funga, unganisha behewa moja, halafu la pili.